Godfrey Chitalu: magoli 107 ambayo dunia haikuyahesabu

HEWA BORA, LUBUMBASHI – Muchezaji wa Zambia mwenye jezi ya TP Mazembe si jambo geni katika muji huu. Rainford Kalaba alicheza hapa miaka mingi, Stoppila Sunzu naye alipita hapa, na wengine wengi wamevuka mupaka wa Kasumbalesa kuja kutafuta maisha kwa miguu yao. Vijana wanaokimbiza mupira kwenye viwanja vya vumbi vya Hewa Bora wanayajua majina hayo. Jina la Godfrey Chitalu, pengine wengi wao hawajalisikia hata siku moja. Labda baba na babu zao ndio watasema kitu.

Chitalu hakuvaa jezi ya Mazembe wala ya Lupopo. Lakini alizaliwa na kucheza karibu na hapa, mwendo wa saa chache tu kwa gari, na katika mwaka wa 1972 peke yake inahesabiwa kwamba alifunga magoli 107. Hakuna mushambuliaji mukubwa wa Ulaya aliyefika hapo, si zamani wala sasa. Hata hivyo, ukitafuta jina lake kwenye orodha zinazosomwa dunia nzima, mara nyingi hutalikuta. Maisha yake yanaeleza sababu.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka wa 1947 katika Luanshya, muji wa shaba wa inchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini. Mutu wa Lubumbashi akifika Luanshya hashangai sana: mugodi mukubwa, nyumba za kampuni zilizopangwa kwa mistari, watu waliotoka vijiji mbalimbali kuja kufanya kazi chini ya udongo, na Kibemba kinachosikika kila kona. Mwamba ni ule ule. Wabelgiji na Waingereza ndio waliupasua vipande viwili kwenye karatasi, huku Union Minière, kule Roan Antelope. Na pande zote mbili mupira ulikua ndani ya maisha ya kampuni na ya misioni. TP Mazembe yenyewe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka wa 1939. Siku ya yenga, kiwanja kilikuwa mahali pekee ambapo mufanyakazi wa mugodi aliweza kuitwa mufalme.

Chitalu alikua ndani ya maisha hayo. Alifikisha miaka 17, na siku mbili kisha, tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka wa 1964, Zambia ikapata uhuru. Kwa hiyo taifa na kijana vilianza pamoja. Alijulikana kwanza akiwa na Kitwe United, ekipe ya muji ulio moyo wa Copperbelt, na mashabiki wakamupa jina la Ucar, ambalo lilibaki naye mpaka kaburini. Mwaka wa 1968 alichaguliwa kuwa muchezaji bora wa Zambia. Akachaguliwa tena mwaka wa 1970, kisha 1972, kisha 1978 na 1979. Mara tano. Inafaa kuangalia miaka hiyo vizuri: toka mara ya kwanza mpaka ya mwisho ni miaka 11. Washambuliaji wengi huwaka kwa miaka miwili mitatu halafu wanazimika.

Mwaka huo wa 1968 ndio Zambia ilicheza kwa mara ya kwanza mechi za kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia, na kilichotokea kingefaa kuwa onyo. Zambia ilipiga Sudan 4-2 nyumbani. Sudan ikapiga Zambia 4-2 kwake. Jumla 6-6, hakuna aliyemushinda mwenzake. Sudan ndiyo iliyopita, kwa sababu sheria ya mashindano ilisema kwamba mwenye magoli mengi katika mechi ya pili ndiye anayeendelea. Wazambia walifunga magoli sawa na wapinzani wao, na karatasi ikawarudisha nyumbani.

Mwaka wa 1971 Chitalu alihamia Kabwe Warriors. Kabwe, zamani Broken Hill, haiko Copperbelt. Ni muji wa risasi na zinki, kwenye njia ya reli kati ya Copperbelt na Lusaka. Warriors walikuwa kati ya ekipe kali za inchi, na kwa kumupata Chitalu walipata mutu wa kumalizia kazi. Alikaa nao mpaka alipoacha kucheza mwaka wa 1982.

Halafu mwaka wa 1972.

Kila mutu anayependa mupira anapashwa kujua kwamba mwaka ule ule, katika Ujerumani ya Magharibi, Gerd Müller alifunga magoli 85: 72 kwa Bayern Munich na 13 kwa timu ya taifa. Hesabu hiyo ilibaki kuwa kipimo cha dunia kwa miaka 40. Kila goli la Müller lina tarehe, jina la mupinzani na dakika. Kuna picha, kuna filamu, kuna kitabu cha mwamuzi kilichohifadhiwa kwenye ofisi.

Kwa Chitalu, mambo yalikuwa tofauti. Warriors walichukua ubingwa wa Zambia mwaka huo, na yeye alifunga karibu kila mahali alipopita, katika ubingwa na katika makombe ya inchi, kwa Warriors na kwa taifa. Watu wa Kabwe waliona, na magazeti ya Zambia yaliandika matokeo na majina ya wafungaji. Mwisho wa mwaka hesabu ikatajwa: 107. Zambia nzima ilijua. Lakini gazeti la Zambia halikusomwa katika Munich, na mutu wa Munich hakuwa na sababu ya kulitafuta. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeficha kitu. Goli lilifungwa, watu wakashangilia, wakarudi nyumbani, na kesho yake kazi ya mugodi ikaendelea.

Kuna wanaosema kwamba magoli ya Zambia hayawezi kulinganishwa na ya Bundesliga, kwa sababu mabeki wa kule hawakuwa sawa na wa huku. Hoja hiyo ina uzito, na si lazima kuikataa. Lakini mwenye kuitumia akumbuke pia viwanja ambavyo Chitalu alichezea, safari alizofanya kwa barabara, na kwamba kila beki wa inchi alijua nani wa kukanyaga. Tena, goli 1 kwa mechi linaweza kuwa bahati ya wiki. Magoli 107 katika miezi 12 ni zaidi ya magoli 2 kila wiki, wiki zote 52, bila kupumzika wala kuugua.

Kama kuna inchi iliyozuia kizazi cha Chitalu kuonekana na dunia, ni inchi hii ya Kongo, wakati huo Zaire. Jambo hilo husahaulika upande huu wa mupaka. Mwaka wa 1973, inchi tatu zilibaki kugombea nafasi moja ya Afrika katika Kombe la Dunia: Zaire, Zambia na Maroko. Zambia ilivunja Maroko 4-0 katika Lusaka, na watu wakaanza kuota ndoto. Tarehe 4 mwezi wa 11, Léopards wakaenda Lusaka na kushinda 2-0. Wiki mbili kisha, katika Kinshasa, wakashinda tena 2-1. Zaire ikaenda Ujerumani. Zambia ikabaki.

Miezi ine kisha zikakutana tena, safari hii katika Cairo, kwenye fainali ya Kombe la Afrika ya 1974. Mukongomani hahitaji kukumbushwa juu ya Ndaye Mulamba na magoli yake 9 katika mashindano yale, hesabu ambayo hakuna aliyeivunja. Fainali ya kwanza ilimalizika 2-2, Zambia ikisawazisha kwa muguu wa Brighton Sinyangwe katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Penalti hazikupigwa wakati ule. Mechi ilirudiwa siku mbili kisha, na Ndaye akafunga yote mawili: 2-0. Kati ya wafungaji wa fainali zile mbili jina la Chitalu halimo. Afrika nzima ikajifunza jina la Ndaye, na mutu wa magoli 107 akabaki kuwa habari ya Wazambia.

Na Ulaya? Miaka ile njia ilikuwa nyembamba. Wazambia wawili, Freddie Mwila na Emment Kapengwe, walifika Marekani na kuchezea Atlanta Chiefs, na hilo lilionekana kuwa ajabu kubwa. Upande wa Zaire, Mobutu hakutaka wachezaji wakubwa wa inchi waende kucheza ng'ambo. Chitalu alicheza maisha yake yote nyumbani, mbele ya watu waliomujua, na pesa za mupira wa wakati huo hazikuwa pesa za kujenga jumba. Kizazi cha leo, ambacho kinahesabu muchezaji kwa bei ya kuhama kwake, hakina kipimo cha kumupimia.

Kwa taifa alicheza toka 1968 mpaka 1980. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni magoli 79 katika mechi 111. Kwa hesabu hiyo hakuna Mwafrika aliyefunga mengi zaidi kwa inchi yake. Didier Drogba, ambaye kila kijana wa Lubumbashi anajua sura yake, alifikisha 65 kwa Ivory Coast. Hapa pia mabishano hayakosekani, kwa sababu mechi nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati za miaka hiyo zina karatasi mbovu au hazina kabisa. Mashindano yalichezwa, kombe likatolewa, na kabrasha likapotea.

Mara moja tu Chitalu alisimama kwenye jukwaa ambalo dunia nzima iliandika kila kitu: Olimpiki ya Moscow, mwaka wa 1980. Zambia iliingia kwa kuchukua nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu inchi nyingi zilisusa michezo ile. Ilipoteza mechi zote tatu. Lakini mbele ya Wasovieti, waliokuwa nyumbani kwao, Chitalu alisawazisha dakika chache tu kisha ya goli la kwanza, mbele ya Zambia kupigwa 3-1. Akafunga tena juu ya Venezuela. Alikuwa na miaka 32. Zambia ilifunga magoli 2 katika Olimpiki ile, na yote mawili ni yake. Hayo hakuna mutu anayeyabishia, kwa sababu kulikuwa na mutu mwenye kalamu.

Alipoacha kucheza hakwenda mbali. Akawa kocha, kwanza wa Kabwe Warriors wake, na mwaka wa 1993 alikuwa ndiye kocha wa timu ya taifa, musaidizi wake akiwa Alex Chola, naye muchezaji mukubwa wa zamani. Kazi aliyoipokea ilikuwa tamu. Zambia ilikuwa na kizazi ambacho mwaka wa 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, kilipiga Italia 4-0, Kalusha Bwalya akifunga matatu. Kombe la Dunia la Marekani, 1994, lilikuwa karibu. Kile ambacho Léopards walimunyima Chitalu akiwa muchezaji, sasa alikuwa na nafasi ya kukipata akiwa kocha.

Tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka wa 1993, vijana wake walipiga Mauritius 3-0 kule kwao, Kelvin Mutale akifunga yote matatu. Wakarudi Lusaka, na tarehe 27 wakapanda ndege tena kuelekea Dakar, kucheza na Senegal.

Ndege hiyo haikuwa ya abiria. Shirikisho la mupira wa Zambia lilikuwa na pesa kidogo, na kwa safari ndefu lilizoea kutumia ndege ya jeshi la anga, Buffalo yenye panga mbili, iliyotengenezwa katika miaka ya 70. Haikuwa na nguvu ya kuruka toka Lusaka mpaka Dakar kwa mara moja. Ilipashwa kutua Brazzaville, kisha Libreville, kisha Abidjan, kila mahali kunywa mafuta. Mbele ya safari za mwezi ule, ilikuwa imekaa miezi kadhaa bila kuruka. Na rubani alikuwa ametoka Mauritius muda mufupi tu uliopita, bila kupumzika inavyofaa.

Walitua Brazzaville, ng'ambo ya mto toka Kinshasa. Wakafika Libreville. Usiku, dakika chache baada ya kupaa tena, injini ya kushoto ilishika moto. Ripoti ya Gabon, iliyotolewa mwaka wa 2003, ilisema kwamba rubani alizima injini ya kulia, ile iliyokuwa nzima, na ikataja taa ya onyo iliyokuwa mbovu pamoja na uchovu wa rubani. Ndege iliangukia baharini, karibu kabisa na ufuko. Watu 30 walikuwa ndani, wachezaji 18 kati yao. Hakupona hata mumoja. Kocha Godfrey Chitalu alikuwa na miaka 45.

Familia za marehemu zimelalamika kwa miaka mingi kwamba hazikuelezwa vya kutosha, hasa na serkali ya inchi yao. Mujane hafarijiwi na habari ya taa mbovu. Anataka kujua nani aliruhusu ndege ile kuruka.

Waliobaki hai walibaki kwa sababu hawakuwamo: Kalusha Bwalya alikuwa Uholanzi na PSV na alipanga kwenda Dakar kwa njia yake, Charles Musonda alikuwa ameumia katika Ubelgiji, Johnson Bwalya alikuwa Uswisi. Maiti zilizikwa pamoja karibu na Stadi ya Independence katika Lusaka, mahali panapoitwa Heroes' Acre. Ekipe mupya ilikusanywa haraka, na kwa Kombe la Dunia ikakosa nafasi mbele ya Maroko kwa pointi moja. Mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Afrika katika Tunis, ikapigwa na Nigeria 2-1. Vijana waliookotwa huku na huku katika miezi michache walikuja kupungukiwa na goli moja tu.

Lubumbashi iliingia katika habari hii mwaka wa 2012. Kombe la Afrika lilikuwa Gabon na Guinea ya Ikweta, na fainali ilipangwa Libreville, muji ule ule. Kabla ya fainali, wachezaji wa Zambia walienda ufukoni kuweka maua. Tarehe 12 mwezi wa 2 walicheza na Ivory Coast ya Drogba, 0-0 mpaka mwisho, Drogba mwenyewe akipoteza penalti katika mechi. Katika mikwaju ya mwisho Kalaba wa Mazembe alikosa. Gervinho naye akakosa. Halafu akaja Sunzu, naye wa Mazembe wakati ule, kijana aliyezaliwa Chililabombwe, muji unaoupita ukitoka tu Kasumbalesa. Akaweka mupira ndani. 8-7. Zambia ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza, na mutu aliyefunga penalti ile alikuwa anakula mushahara wake hapa Lubumbashi.

Mwisho wa mwaka huo huo, tarehe 9 mwezi wa 12, Lionel Messi alifunga goli lake la 86 na kuvunja hesabu ya Müller. Alimaliza mwaka na 91. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba hakuna mutu aliyewahi kufanya vile. Hapo Zambia ikainua mukono. Raisi wa shirikisho lake alikuwa Kalusha Bwalya, yule yule ambaye ndege ya 1993 ilimuacha. Shirikisho likasema kwamba mwaka wa 1972, wakati Müller anafunga 85, Godfrey Chitalu alifunga 107, na kwamba lina hesabu zake.

FIFA ilijibu kwamba haihifadhi matokeo ya mashindano ya ndani ya kila inchi, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha hesabu ya Chitalu. Kwa haki, ilisema pia kwamba kwa sababu hiyo haitambui rasmi hesabu yoyote ya namna hiyo, hata ya Messi. Ni jibu la ofisi, na si la uongo. Lakini Messi hakuhitaji FIFA. Kila goli lake lilikuwa limerekodiwa na kamera kumi. Katika Zambia watafiti wakarudi kwenye magazeti ya zamani, yale yaliyoandika matokeo ya Kabwe wiki baada ya wiki, wakaanza kuhesabu upya, goli kwa goli. Hesabu yao haikushuka. Ilipanda, na wengine wakafika 116.